Samaki wa Bagamoyo, Maji ya Fukayosi

Barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata ina urefu wa kilomita 64, nasi tunaijua kwa vituo vyake kuliko kwa kilomita zake. Mara tatu au nne kwa mwaka huondoka Dar es Salaam baada ya swala ya Alfajiri, tukapita Bunju, Mapinga na Kerege, tukapumzika Bagamoyo, kisha tukaiacha bahari nyuma na kuelekea Fukayosi, anakoishi kaka yake Bibi. Kwa kijana mwenye pikipiki hiyo ni safari ya asubuhi moja. Kwa gari lililobeba watu saba, kuanzia Bibi mwenye magoti mabovu hadi kitindamimba wa miaka mitano, ni safari ya kutwa, kwa kuwa gari la namna hiyo kazi yake kubwa ni kusimama. Na kila linaposimama maswali huwa mawili: tutakula nini, na choo kiko wapi. Kwa miaka mingi swali la kwanza tulilijibu kwa uangalifu mkubwa. La pili hatukulijibu kabisa.

Tukiwa njiani hatuli nyama. Tunalisema hili kwa tahadhari, maana wapo wanaolisikia wakadhani tunaharamisha kilichohalalishwa. Hapana. Ukanda huu wa pwani umejaa wachinjaji Waislamu, watu wazima wanaojulikana kwa majina na kwa misikiti wanayoswali, na mwenye kuwashuku wote anajitwisha dhambi bure. Lakini barabara kuu ina mambo yake. Nyama imesafiri, kuku ametoka kwenye boksi la barafu, mhudumu ni kijana aliyeajiriwa juzi, na ukimwuliza nani alichinja anakutazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mbuyu. Tumewahi kukuta jiko moja la mkaa, upande huu mishkaki ya ng'ombe, upande ule kitimoto, na koleo moja likigeuza pande zote mbili. Siku hiyo Baba alikata shauri: njiani ni samaki tu.

Samaki hana mchinjaji wa kushukiwa. Aya ya 96 ya Surat al-Maida imehalalisha mawindo ya bahari na chakula chake, na imewataja wasafiri waziwazi miongoni mwa wanaofaidika nacho. Sisi Mashafii tumepewa uwanja mpana zaidi, kwani pweza, ngisi na kamba vyote vimo. Jirani zetu wa Kihanafi pale Dar es Salaam hushangaa kutuona tukigombea mkono wa pweza, kwa kuwa madhehebu yao huishia kwenye samaki. Hata hivyo samaki naye ana swali lake, nalo ni mafuta. Karai lililokaanga soseji asubuhi ndilo litakalokaanga changu mchana. Kwa hiyo Mama husogea jikoni, humsalimu mpishi kwanza, kisha huuliza kwa upole: "Dada, mafuta haya yamekaanga nini kabla ya samaki?" Mpishi mwadilifu hakasiriki. Anayekasirika humshukuru na kuondoka.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, tukijiona watu wa hadhari, mpaka Idd el-Fitri ya mwaka juzi. Siku ya pili baada ya kurudi kutoka Fukayosi, binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka 13, alipandisha homa, akawa anajikunja kwa maumivu ya chini ya kitovu. Zahanati walimpima, wakatuambia ni maambukizi ya njia ya mkojo. Daktari, mama wa makamo, hakuishia kuandika dawa.

"Mwanangu," alimwuliza, "siku ya safari ulikunywa maji kiasi gani?"

Binti akatazama sakafu. "Sikunywa."

"Kwa nini?"

"Vyoo vya njiani, daktari."

Tukaelezwa kwamba mkojo unaoshikiliwa kwa saa nyingi huwapa vijidudu nafasi ya kuzaliana, kwamba uhaba wa maji mwilini huongeza hatari, na kwamba maumbile ya wanawake huwaweka karibu zaidi na maradhi haya. Tulipofika nyumbani Mama alikiri kwamba naye hufanya vivyo hivyo safarini. Bibi akacheka kicheko kisicho na furaha, akasema yeye huacha maji tangu usiku wa kuamkia safari, na amekuwa akifanya hivyo tangu enzi za kupanda malori. Vizazi vitatu vya wanawake ndani ya gari moja, wote wamefunga saumu isiyo na thawabu, na wanaume waliokaa viti vya mbele hawana habari. Wangejuaje? Mwanamume akibanwa husimamisha gari, akaenda "kuchimba dawa" nyuma ya kichaka, akarudi akipangusa mikono kwenye suruali. Neno lenyewe ni la kiungwana, lakini dawa hiyo si kila mtu anaweza kuichimba, na hata mwanamume hakuruhusiwa kuichimba ovyo, kwani Mtume (s.a.w.) ameonya dhidi ya kujisaidia kwenye njia za watu na kwenye vivuli vyao.

Jambo jingine lilituuma zaidi. Imo katika Sahihi Muslim, kwa mapokezi ya Bibi Aisha (r.a.), hadithi inayokataza mtu kuswali huku akizizuia haja zake mbili. Ni Adhuhuri ngapi tumesimama safu moja katika misikiti ya njiani, Baba ameridhika kwamba tumboni mwetu hamna tonge la shaka, na nyuma yake binti anaswali huku amebana meno? Tuliwachunguza wapishi wa watu mpaka kwenye mafuta yao, na wa nyumbani kwetu hatukuwauliza hata kama wamekunywa maji.

Tangu hapo tumekuwa familia inayokagua vyoo. Watoto walianzisha daftari, na kwa kuwa ni watoto wa walaji samaki, alama wanazotoa ni majina ya samaki. Choo kibaya kabisa hupata dagaa. Kinachovumilika hupata kibua. Kizuri hupata changu. Nguru ni alama ya juu kabisa, na kwa miezi mingi ukurasa wa nguru ulikaa mweupe.

Cha kwanza hutazamwa maji. Fiqhi haikumfunga mtu kwa maji peke yake. Mawe na kinachofanana na mawe vinatosha, na hatusemi aliyetumia karatasi hakutakasika. Lakini maji ndiyo bora, na wapokezi wametaja kwamba watu wa Quba, waliosifiwa katika aya ya 108 ya Surat at-Tawba kwa kupenda kujitakasa, walikuwa wakistanji kwa maji. Mtoto aliyelelewa kwa kopo hawezi kuambiwa ghafla kwamba leo ni karatasi. Baada ya maji hutazamwa komeo, kwa kuwa mlango usiofungwa humnyima mtu haya yake. Kisha sakafu, kama imekauka, sabuni, kandambili za kubadilishia, na msumari ukutani wa kutundikia kanzu au baibui, maana vazi linaloburuta chooni litaburuta na msikitini. Kuhusu choo cha kukaa na cha kuchuchumaa nyumba yetu imegawanyika. Bibi anataka cha kukaa kwa ajili ya magoti. Mama anasema bora magoti yaume kuliko kukalia maji ambayo hujui ni maji ya nini. Mjadala huu umedumu tangu Makofia hadi Msata na haujapata mshindi.

Ipo pia kibla. Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) amesimulia kwamba walipofika Sham walikuta vyoo vimejengwa kuelekea Kaaba, nao wakawa wanageuka upande na kumwomba Mwenyezi Mungu msamaha. Tulipoisoma hadithi hiyo kwa watoto walifurahi mno, kwa kuona kwamba hata Sahaba aliposafiri alitazama choo kimejengwaje. Kutoka pwani yetu hii Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo kujua upande si kazi. Wanazuoni wengi, Mashafii wakiwemo, wamelegeza ndani ya jengo lenye kuta, nasi hatumpunguzii mtu alama kwa hilo; kijana wetu huandika tu pembeni ya daftari kwa kalamu nyekundu.

Safari tunayotaka kuisimulia ni ya Jumamosi moja ya mwezi wa Shawwali. Kabla ya kuingia mjini Bagamoyo tuliingia Kaole, kwenye magofu ya msikiti ambao wataalamu huuweka katika karne ya 13, ukiwa miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya bara hii ya Tanzania. Tumefika hapo mara nyingi kutazama makaburi na nguzo zake. Safari hii, kwa macho mapya, watoto walikwenda moja kwa moja kisimani. Waliojenga kwa mawe ya matumbawe, mbali na bomba na pampu, hawakujenga mahali pa kusujudu bila kujua maji yatatoka wapi. Kaskazini zaidi, katika magofu ya Gedi karibu na Malindi, nyumba za mji uliohamwa karne nyingi zilizopita zina vyoo ndani na mahali pa kujisafishia. Babu zetu walioishi kando ya bahari hii walikula samaki na walijenga vyoo. Binti yetu mdogo aliuliza kama Kaole wapewe nguru. Tukamwambia aliyekufa hapewi alama, huombewa dua.

Mjini tulikwenda kwanza sokoni, pale ufukweni ambapo mashua na ngalawa huleta samaki na kina mama hukaanga hapo hapo kwenye makarai makubwa kuliko masinia ya harusi. Tulinunua nguru mbichi wa kumpelekea Babu, kaka yake Bibi, tukamlaza kwenye barafu. Kisha, kwa kuwa Bibi alitaka kukaa kwenye kiti chenye mgongo, tuliingia katika mgahawa mmoja mzuri wa ufukweni kunywa chai na samaki. Viti vilikuwa na mito. Samaki alikuwa ameokwa kwa ndimu na tangawizi, jiko la samaki liko peke yake, na mpishi alijibu maswali yetu yote kwa bashasha. Baba alikuwa tayari kumsifu Mola wake na kulipa.

Binti mkubwa akaenda msalani, akarudi upesi kuliko ilivyotarajiwa. Mama akaenda kutazama. Mlango ulikuwa wa nakshi, ukutani kioo kikubwa, hewani harufu ya waridi, karatasi laini imekunjwa ncha kama leso ya bwana harusi. Maji ya kustanji hapakuwa na hata tone: hakuna kopo, hakuna ndoo, hakuna mpira. Bomba la kunawia mikono lilikuwa nje, mbele ya wageni. Mama alipomwomba mhudumu kopo la maji, kijana yule alijibu kwa adabu kabisa: "Mama, wageni wetu wengi hawatumii maji." Na pale mezani tulikuwa watu saba, tumelipa bei ileile waliyolipa wageni hao.

Mhudumu hakuwa na kosa. Hatimaye alituletea chupa ya maji ya kunywa, ya kununua. Hatutautaja mgahawa huo. Katika hadithi ya makaburi mawili iliyopokewa na Ibn Abbas (r.a.), mmoja wa wanaoadhibiwa hakuwa akijikinga na mkojo, na mwenzake alikuwa akieneza maneno ya fitina baina ya watu. Tusije tukakimbia kaburi la kwanza tukaangukia la pili. Watoto waliandika dagaa, wakaongeza kwa haki: samaki wa mezani, nguru.

Tukashika njia ya Msata. Tulipita Makofia na daraja la Mto Ruvu, mto uleule ambao mtambo wa Ruvu Chini huchota na kusafisha maji ya Dar es Salaam, ukiwa na uwezo wa lita milioni 270 kwa siku. Ng'ambo ya Ruvu nchi hubadilika polepole: minazi hupungua, mashamba ya mihogo na mananasi huongezeka, na ng'ombe wa wafugaji huvuka lami bila kuangalia kulia wala kushoto. Huku ndiko nyama inakotawala. Kadiri uiendeavyo Msata ndivyo moshi wa nyama choma unavyozidi kukuita kando ya barabara, na mla samaki huanza kuonekana mtu wa ajabu.

Hapa tunalo la kukiri. Babu ni mchinjaji. Kwa miaka mingi ndiye ameitwa kuchinja kwenye harusi, hitima na Idd pale kijijini, na kila tukienda huchinja mbuzi. Lakini ada yetu ilikuwa imekua na kukua mpaka ikasahau sababu yake. Baba alikwishasema safarini ni samaki tu, na watoto wakaona Babu naye yuko safarini. Kukataa mezani kwake tuliona aibu. Kwa hiyo tulibuni hila: tunakula kwa mama lishe Fukayosi kabla ya kufika kwake, tukifika tunaonja vipande viwili, tunasema tumeshiba. Hila hii ilidumu miaka miwili, na tuliamini haijulikani.

Mama lishe mwenyewe ana banda la mabati kando ya barabara, mabenchi mawili na meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki. Samaki humfikia kwa bodaboda kutoka Bagamoyo, na siku bahari ikichafuka hupika kambale wa mtoni au papa mkavu kwa nazi. Siku hiyo alikuwa na changu wa kukaanga, wali, mchicha na mchuzi wa nazi. Mama alipouliza habari za mafuta, yule dada alicheka. "Mafuta yangu hayajawahi kuona nyama, mama. Mtaji wa nyama nitautoa wapi?" Hadhari yetu yote ya miaka mingi, na kwake ni suala la mtaji tu.

Miaka yote ile tulikula kwake na hatukuwahi kwenda nyuma ya banda. Safari hii daftari lilitaka hivyo. Tulikuta kichumba cha matofali ya saruji kilichoezekwa bati. Sakafu ya zege ilikuwa laini na kavu, tundu limefunikwa kwa mfuniko wa mbao wenye mpini mrefu. Ndani palikuwa na ndoo yenye kifuniko, kata, na kandambili mbili zilizotofautiana rangi. Komeo lilikuwa ukanda wa mpira wa tairi unaoingia kwenye msumari, nalo lilishika kuliko makomeo mengi ya chuma tuliyoyaona. Nje palining'inia kibuyu chirizi, dumu dogo lililotobolewa, ukikanyaga kijiti linainama na kumwaga maji, na kipande cha sabuni kimefungwa ndani ya wavu wa vitunguu. Bibi aliingia akisaidiwa na mjukuu wake. Alipotoka alisema ukutani kuna mti umechimbiwa wa kushika unapoinuka. Mjadala wa Makofia ukasimama kwa muda.

Tulimwuliza dada yule imekuwaje. Alisema lami ilipokamilika na mabasi kuanza kupita, aliona abiria wanawake wanashuka, wanazunguka banda, wanarudi ndani ya basi bila kununua kitu. "Nikajiuliza, hawa wanatafuta nini? Siku moja mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini. Nikaelewa." Hununua maji kwa dumu la lita 20, manne kwa siku, na moja zima ni la chooni. Hesabu hiyo ilitunyamazisha. Sisi tunaotumiwa maji ya Ruvu mpaka jikoni kwetu Dar es Salaam tunaacha bomba likitiririka tukipiga mswaki. Yeye anayekaa karibu na mto huo kuliko sisi huyapima kwa kata, na bado ametenga sehemu ya wapita njia.

Watoto walikuwa katika mashauriano ya nguru, kijana akipinga kwa kuwa hakuna msumari wa kutundikia kanzu, ndipo kivuli cha baiskeli kilipoangukia meza. Alikuwa Babu.

"Shikamoo, mjomba," alisema Baba, na kijiko chake kikabaki hewani.

"Marahaba. Endeleeni kula." Akaegemeza baiskeli, akaketi, akazitazama sahani moja baada ya nyingine. "Kwa hiyo kisu changu hakijui Bismillahi?"

Hakuna aliyejibu. Bibi peke yake ndiye angeweza kumjibu kaka yake, naye alijishughulisha na mwiba wa samaki.

Babu hakupandisha sauti. Alitukumbusha hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba watu walimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa wanaletewa nyama na wasiojua kama walilitaja jina la Mwenyezi Mungu, naye akawaelekeza walitaje wao na wale. "Na hao walikuwa wageni katika Uislamu," alisema. "Mimi je?" Kisha akatuambia jingine, ambalo tumelibeba tangu siku hiyo. Mtu mmoja wa baharini alimwuliza Mtume: tunapanda chombo tukiwa na maji kidogo, tukitawadha kwayo tutapata kiu, je, tutawadhe kwa maji ya bahari? Akajibiwa kwamba maji ya bahari yanatakasa, na kwamba maiti wake, yaani samaki, ni halali.

"Aliuliza maji," Babu alisema, "akajibiwa maji na chakula. Nyie mmeshika nusu ya jibu, tena nusu ambayo hakuiuliza."

"Lakini siku hizi tunakagua na vyoo, Babu!" akasema binti mdogo, akalisukuma daftari mezani kabla mtu hajamzuia.

Babu alitoa miwani mfukoni, akasoma ukurasa baada ya ukurasa. Kwenye dagaa alitikisa kichwa, kwenye kibua alicheka. Kisha akafika kwenye jina lake mwenyewe. Watoto walikuwa wamemwandika safari iliyotangulia, wakampa kibua, na chini yake kwa mwandiko wa binti mkubwa palikuwa na maneno matatu: mlango haufungi vizuri.

Ni kweli. Choo cha Babu ni safi na maji hayakosekani, lakini komeo lilikatika siku nyingi, na mwenye kuingia huimba au hukohoa ili ajulikane. Kwa mzee anayeishi na wajukuu wa kiume hilo si tatizo. Kwa msichana wa miaka 14 aliyekuja kulala siku mbili, ni sababu ya kutokunywa maji siku mbili. Hatukuwa tumelijua hilo sisi wenyewe mpaka tulipoyasoma maneno yale matatu yakiwa mikononi mwa Babu. Alivua miwani, akamtazama mjukuu wake, akaiweka mfukoni bila kusema neno. Wakati wa kuondoka tulimsikia akimwuliza mama lishe ule ukanda wa mpira aliupata kwa fundi gani.

Mchana huo tulikula mbuzi wa Babu, kila mmoja sahani kamili, ingawa tulikuwa tumeshiba samaki kweli na si kwa hila. Nguru tuliyemleta alikaangwa usiku. Ada yetu haijafutika. Barabarani bado ni samaki, na Mama bado huuliza habari za mafuta. Lakini sasa tunajua mpaka wake unaishia kwenye mlango wa mtu tunayemjua.

Tulirudi tena Fukayosi mwezi wa Dhulhijja. Kwa mama lishe tulikuta misumari miwili imepigiliwa chooni, mmoja juu na mmoja kimo cha mtoto, na kijana wetu akaridhia nguru, ya kwanza katika daftari. Kwa Babu tulifika baada ya Alasiri. Binti mkubwa alikwenda uani, akakaa kidogo, akarudi. Akaketi mkekani karibu na Babu yake, akaomba maji ya kunywa. Akaletewa kata iliyojaa, akainywa yote, akaomba nyingine.